Shaba Kwanza: Sarafu za Mombasa na Jumba Linalozingojea



Nimeombwa nizungumze juu ya makumbusho ya sarafu ndani ya jumba la kihistoria. Niseme mapema, asije mtu akatoka hapa akaenda kutafuta mlango: Mombasa hatuna makumbusho ya namna hiyo. Tuna majumba, na tuna sarafu. Sarafu nyingine zimo katika hazina ya Fort Jesus, nyingine zimo kwenye makopo na visanduku vya bibi zetu, nyingine huuziwa watalii, na nyingine, nasikitika kusema, sonara amekwisha kuziyeyusha zikawa bangili. Nimekuja kutetea mambo mawili tu. Jumba la kuziweka lipo, nalo ni Leven House, pale juu ya Bandari ya Kale. Na makumbusho hayo yakifunguliwa, yaanze na shaba. Dhahabu ingoje zamu yake.

Mtu ataniuliza kwa nini nayasema haya Buxton na si Ndia Kuu, Mji wa Kale. Jina la mtaa huu, kama la shule iliyo hapa, ni jina la ukoo wa Kiingereza. Thomas Fowell Buxton aliyefariki mwaka 1845 ndiye aliyeshika uongozi wa vita vya kupinga utumwa katika Bunge la Uingereza baada ya Wilberforce. Mjukuu wake, aliyerithi jina lilelile, alikuwa mfuasi wa misheni ya CMS, na mwaka 1888 aliketi miongoni mwa wakurugenzi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ile ambayo babu zetu waliiita Kampuni, basi, bila kuongeza neno. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa sarafu zenye jina la Mombasa. Kwa hiyo jina la mtaa wenu na sarafu za mji huu vilikutana zamani, kwenye meza moja ya wakurugenzi, na meza yenyewe ilikuwa London.

Tuanze na sarafu hizo. Mwezi wa Mei 1887 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitoa mkataba wa kuwakodisha Waingereza pwani hii, na Septemba 3, 1888, Malkia Victoria akaipa Kampuni hati ya kifalme. Barghash mwenyewe alikuwa amefariki Machi ya mwaka huohuo. Mwezi wa Oktoba George Mackenzie wa Kampuni alishuka Mombasa kushika forodha. Mara ikahitajika fedha ya kulipia mishahara, wapagazi, chakula na magogo, na Kampuni ikaagiza sarafu zake. Rupia ya fedha ilipigwa Birmingham, katika kiwanda cha Heaton. Ukiishika karibu na macho utaiona herufi H ndogo iliyo alama ya kiwanda hicho. Pesa ya shaba ilipigwa Calcutta, nayo ina miaka miwili, 1888 ya Kizungu na 1306 ya Hijria. Mwaka 1890 ukaongezwa mfululizo wa nusu rupia, robo rupia na ana mbili.

Tazameni sura ya sarafu hizo. Upande mmoja kuna jua linalotoa miale, na taji juu yake. Kwenye rupia pameandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya Nuru na Uhuru. Upande wa pili kuna mizani. Mizani hiyo Kampuni haikuibuni. Pesa ya shaba ya Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ilikuwa na mizani vilevile, na watu wa soko walikuwa wameshaizoea. Kampuni ngeni ilijua kwamba mchuuzi wa samaki hatasoma hati ya kifalme, lakini mizani ataitambua. Ikaazima alama ya Sultani ili pesa yake ipite. Hiyo ni akili ya biashara, na ni jambo ambalo kioo cha makumbusho kinaweza kulionyesha kwa kuweka sarafu mbili tu bega kwa bega, bila ubao mrefu wa maelezo.

Nuru na Uhuru, lakini. Siku ya Januari 1, 1889, huko Rabai, Kampuni iliwapa hati za uhuru watumwa zaidi ya 1,400 waliokuwa wametoroka kwa mabwana zao na kukimbilia kwenye misheni. Gharama ililipwa kwa michango ya Kampuni, ya serikali ya Uingereza na ya wafuasi wa misheni kule kwao. Lakini gharama ya nini hasa? Ya kuwafidia mabwana. Mwenye mtumwa alipewa fedha, na aliyekuwa mtumwa alipewa karatasi. Sisemi kwamba karatasi ile haikuwa na thamani. Wapo watu wa Rabai na Frere Town ambao ukoo wao ulisimama juu ya karatasi hiyo. Nasema rupia yenye jua na maandishi ya uhuru iwekwe kwenye kioo kimoja na habari hiyo, na mtazamaji aachwe afanye hesabu yake. Makumbusho mengi ya sarafu duniani hukuonyesha sura ya mfalme na uzito wa madini, wala hayakuambii fedha ile ilimnunua nani.

Kampuni haikudumu. Biashara haikuleta faida, Uganda iliitia hasara, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi kwa fidia ya pauni 250,000. Julai 1 mwaka huo pwani na bara vikawa himaya. Miaka saba, sarafu chache, basi. Lakini kwa mkusanyaji wa sarafu wa Ulaya au Marekani, Mombasa ni jina la kikundi kamili katika orodha zake, na rupia ya 1888 hununuliwa na kuuzwa mnadani na watu wasiojua Mombasa iko upande gani wa Afrika. Wana jina letu kwenye vitabu vyao. Sisi tunalo jumba ambamo hesabu zile zilifanywa, na hatujaweka hata pesa moja ndani yake.

Jumba lenyewe sasa. Leven House lilipata jina kutokana na manowari ya Kiingereza, Leven, ya Kapteni William Owen. Mwezi wa Februari 1824 Owen alikuta Mazrui, watawala wa Mombasa, wamebanwa na majeshi ya Sayyid Said wa Oman, nao wakamwomba awape bendera ya Kiingereza, akawapa. Luteni Reitz aliachwa hapa, akafa kwa homa mwezi wa Mei mwaka uleule. Akafuata Luteni Emery, hadi 1826 London ilipoikataa himaya hiyo na bendera ikateremshwa. Jumba hilo hutajwa kuwa lilianza kama makao ya ukoo tajiri wa wafanyabiashara, kisha likawa makao makuu ya Kampuni, likawahi kuwa na ofisi ya kibalozi ya Wajerumani, na baadaye likatumiwa na idara ya forodha. Mmisionari Krapf, msafiri Burton na Lugard wa Kampuni wanatajwa miongoni mwa wageni wake. Chini yake ziko ngazi za Leven zinazoteremka hadi majini.

Hebu fikirini: nyumba ya wafanyabiashara, halafu ya Kampuni, halafu ya forodha. Kila aliyeingia humo aliingia na hesabu. Kila jahazi lililotia nanga Bandari ya Kale, na tende zake, na nguo zake, na papa wake mkavu, lilipimwa na kutozwa ushuru hatua chache kutoka pale. Majumba mengine ya Mji wa Kale ni mazuri kulipita kwa milango na roshani, na nisingebishana na mtu akiyataja. Lakini kama tunatafuta nyumba ambayo historia yake ni fedha, hatuna haja ya kuzunguka.

Sasa nije kwenye shaba, maana hapa ndipo nitakapopingwa.

Desturi ya makumbusho ni kuanza na kile kinachong'aa. Ukimwambia mtu una makumbusho ya sarafu, swali lake la kwanza ni dhahabu iko wapi. Na pwani yetu ina hadithi za kung'aa. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa Kiislamu wa papa hapa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa miaka ya 1980 walipata visarafu vya fedha vyenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Kilwa nayo ina sarafu za dhahabu za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Lakini zinazojulikana ni chache za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Shaba ya Kilwa haihesabiki kwa vidole. Sarafu za shaba za Kilwa zimeokotwa kwa maelfu, Kilwa yenyewe, Mafia, Unguja na Pemba. Hazina tarehe. Nyingi zina maandishi ya Kiarabu yenye vina: upande mmoja unamtaja Mungu kwa sifa zake, upande wa pili unalitaja jina la mtawala, na mwisho wa upande huu unaitikia mwisho wa upande ule. Fikirini pwani hii: watu wake, hata walipopiga kisarafu cha kununulia mtama au dagaa, walikitia vina. Sultani wa dhahabu alitaka kujulikana na wafalme wenzake. Shaba ilikuwa ya watu wa mji, na ilitembea mkono kwa mkono miaka mingi baada ya aliyeipiga kuzikwa. Moja ilifika hadi Zimbabwe Kuu. Nyingine tano zilipatikana mwaka 1944 kwenye Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na askari mmoja wakati wa vita. Hadithi hiyo ya Australia watu huipenda kupita kiasi, nami siijengei nyumba. Sarafu inaweza kubebwa na yeyote, wakati wowote. Ninachokichukua ni kwamba kilichosafiri kilikuwa shaba.

Hapa karibu na kwetu, Gedi, James Kirkman alichimba kuanzia mwaka 1948, na nyumba alizozifukua akazipa majina kwa vitu vilivyopatikana ndani. Moja inaitwa Nyumba ya Sarafu za Kichina, kwa sababu ya vijisarafu viwili vya wafalme wa Song ya Kusini, vya duara na tundu la mraba katikati. Nyingine inaitwa Nyumba ya Kauri, kwa sababu ya simbi. Kwa hiyo wazo la nyumba na sarafu kubeba jina moja si geni pwani hii. Liko kilomita mia moja na kidogo kutoka hapa, na watoto wa shule hulipita kila muhula bila kusimama.

Mombasa ya wakati wa Kilwa haijulikani kuwa na sarafu yake yenyewe. Ya kwanza inayojulikana ni ile ndogo ya Salim bin Ahmed al-Mazrui, aliyetawala hadi 1835. Mtawala aliyezingirwa, mwenye ngome, aliona vema kutoa pesa ndogo ya mji. Miaka miwili baada ya kufa kwake Sayyid Said aliuchukua mji. Mimi naona sarafu ile ni hati ya kisiasa sawa na barua yoyote aliyoandika.

Fedha kubwa ya pwani wakati huo ilikuwa reale, na kila reale ilikuwa na jina lake mjini. Reale ya mzinga ilikuwa ya Kihispania. Zile nguzo mbili zilizochorwa juu yake watu wetu waliziona ni mizinga, na kwa mji uliokaa chini ya Fort Jesus huwezi kuwalaumu. Reale ya Sham ilikuwa ile ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Malkia alifariki mwaka 1780, na mwaka huohuo ndio uliobaki kwenye sarafu yake hata ilipoendelea kupigwa karne mbili baadaye, Vienna, Roma, London, Bombay, popote palipokuwa na mteja. Wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Uhabeshi, Uarabuni na huku kwetu hawakutaka nyingine. Waliihesabia lulu za kishaufu cha begani pake kabla ya kuipokea. Ilikuwa na gramu 28 na, kama mnavyojua, bibi arusi wengi waliivaa.

Lakini reale moja ni fedha nyingi mno kwa mtu anayetaka kibaba cha mchele. Unguja, kabla ya shaba kuletwa, chenji ilikuwa mtama. Ndiyo, nafaka. Katikati ya karne ya 19 Sayyid Said akaagiza pesa za shaba kutoka India, na baada ya hapo bei ya reale kwa pesa ikawa inapanda na kushuka kufuatana na shehena iliyoteremshwa. Kwenye karatasi rupia moja ilikuwa ana 16, na ana moja pesa nne, jumla pesa 64. Sokoni mambo yalikuwa mengine. Aliyelipwa kwa shaba na kudaiwa kwa fedha ndiye aliyeumia, na aliyelipwa kwa shaba alikuwa kuli, kibarua na mchota maji. Banyani wa kubadilisha fedha, mwenye meza yake na mizani yake, aliishi juu ya tofauti hiyo. Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi umaskini ulivyokuwa ukitengenezwa, usimwonyeshe dhahabu ya Kilwa; mwonyeshe pesa 64 upande mmoja na rupia upande wa pili, umwambie jinsi hesabu ile ilivyokuwa haitimii.

Wahindi waliokuja kujenga reli kuanzia 1896 walilipwa kwa rupia, na mwaka huohuo National Bank of India ilifungua tawi Mombasa. Benki ya KCB ya leo huhesabu umri wake kutoka tawi hilo. Serikali ya himaya nayo ikatoa pesa yake ya shaba yenye kichwa cha Victoria, halafu mwaka 1906 ikaamua rupia igawanywe kwa senti 100. Hapo ndipo likafanyika jambo ninalolipenda kulisimulia. Mwaka 1907 Afrika Mashariki na Uganda zilipewa senti ya alumini, yenye tundu katikati, moja ya sarafu za kwanza kabisa za alumini duniani. Nyepesi, rahisi, ya kisasa. Joto na chumvi ya hewa yetu viliila. Baada ya miaka michache ikaondolewa, ikaletwa ya nikeli na shaba. Wataalamu wa London walikuwa hawajaketi Mombasa mwezi wa Aprili.

Tundu likabaki. Wazee hapa mtakumbuka kutunga senti kwenye uzi. Hakuna pochi iliyowahi kuushinda uzi huo kwa kanzu isiyo na mfuko.

Halafu yakaja ya 1920 na 1921, na hapa nawaomba mnivumilie kwa tarakimu. Kwa miaka mingi rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Baada ya Vita vya Kwanza thamani ya rupia ilipanda, na serikali ikaikaza mahali pa juu: rupia 10 kwa pauni. Mlowezi aliyekuwa na deni la rupia 15,000, yaani pauni 1,000, aliamka akidaiwa pauni 1,500. Walowezi walipiga kelele, na kelele hizo zimeandikwa kwenye vitabu vingi. Kisha rupia ya India ikashuka tena kwao, ikawa na faida kuileta huku kwa siri, hadi serikali ikaipiga marufuku. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwishoni mwa 1919 na kuketi London, ikatoa florini, na muda mfupi baadaye ikaiacha na kuleta shilingi. Florini moja, ambayo ndiyo rupia ya jana, ikawa shilingi mbili.

Swali likawa: na senti? Mwafrika hakuwa na hati ya deni. Alikuwa na senti kwenye uzi. Senti ya rupia ilikuwa moja ya mia ya rupia. Palitolewa shauri kwamba ihesabiwe moja ya mia ya shilingi, yaani ipoteze nusu ya thamani mikononi mwa aliye nayo. Wamisionari na viongozi wa Kiafrika walilalamika. Ugomvi wa pauni za walowezi umejaza vitabu, na ugomvi wa senti umepata aya moja hapa na pale. Makumbusho ndiyo mahali pa kuusahihisha uwiano huo. Na ushahidi wa kwamba watu wa pwani hawakukubali kuhesabiwa upya kirahisi uko midomoni mwenu: senti 50 mnaiita thumuni. Thumuni ni sehemu ya nane. Ya shilingi? Hapana, ya reale. Reale ilikuwa kama rupia mbili, rupia ikawa shilingi mbili, na sehemu ya nane ya shilingi nne ni senti 50. Serikali tatu zilipita juu ya hesabu hiyo.

Ya baadaye yanajulikana, nitayapita haraka. Benki Kuu ya Kenya ilifunguliwa mwaka 1966 na sarafu za Kenya zikatoka mwaka huo, zikiwa na sura ya Mzee Kenyatta. Mwezi wa Desemba 2018 sura za watu ziliondolewa, tukapata twiga, kifaru, simba na ndovu. Na tangu Machi 2007 kuna M-Pesa, ambayo imechukua jina la kisarafu cha shaba na kuacha shaba yenyewe. Kijana wa leo anaweza kumaliza wiki nzima bila kushika sarafu. Basi wakati wa kuziweka ni sasa, watu wenye kuzikumbuka wakiwa bado hai.

Kuna maswali matatu ambayo nimeshaulizwa, nami nayajibu.

La kwanza, kwani Fort Jesus haitoshi? Fort Jesus ni ngome. Ilianzwa 1593 na Wareno, ikafanywa makumbusho mwaka 1960, ikaingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na inastahili yote hayo. Lakini ngome husimulia vita: kuzingirwa kwa 1696 hadi 1698, mizinga, meli ya Santo António de Tanná iliyozama mbele yake. Sarafu ukiiweka humo inakuwa ngawira. Katika nyumba ya biashara inarudi kuwa pesa.

La pili, nani atakwenda kutazama vitu vidogo hivyo? Lamu imeshajibu. Wajerumani walifungua posta pale Novemba 22, 1888, ikafungwa 1891; nyumba hiyo ndogo leo ni makumbusho ya posta ya Wajerumani, na watu huenda. Ikiwa miaka isiyotimia mitatu ya stempu ina makumbusho yake, miaka elfu ya pesa haiwezi kukosa mlango. Na Muscat, ambako ndugu zetu wengi wana makao, ukoo mmoja ulifungua jumba lake mwaka 1998, Bait Al Zubair, ukaweka humo vitu vya nyumba, silaha, vito na sarafu. Haikuwa lazima kungoja wizara.

La tatu ndilo zito: jengo. Siku ya Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya Beit al Ajaib ya Unguja, jumba la Barghash la mwaka 1883 lililokuwa makumbusho, liliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wakafa. Baada ya siku hiyo hakuna mwenye haki ya kusema tutaweka vioo kwanza, dari baadaye. Nyumba za matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kutema chumvi. Chumvi hiyo ni adui wa shaba. Huanzisha kutu ya kijani yenye vumbi, ambayo ikishaingia haisimami mpaka sarafu iishe. Kwa hiyo paa, mifereji ya maji na lipu ya chokaa vitangulie, na saruji isitumike kuziba nyufa, maana hufungia maji ndani ya ukuta. Vyombo vya kioo vifungwe vizuri na kuwekewa vikausha unyevu. Wala hatuhitaji samani ya kifahari: nyumba zetu za kale zilikuwa na zidaka ukutani, safu juu ya safu, kwa ajili ya kuweka vitu vya thamani vidogo, na hakuna fundi wa maonyesho atakayebuni umbo bora kwa sarafu. Hapa shaba inatusaidia tena. Dhahabu inadai mlinzi mwenye bunduki na bima ya kutisha. Pesa za Barghash na za Kampuni hazimwiti mwizi wa usiku.

Ombi langu kwa Makumbusho ya Taifa na kwa Kaunti ya Mombasa ni dogo. Siombi jumba zima. Tupewe vyumba vya chini vya Leven House, baada ya uchunguzi wa mhandisi, na sarafu za mkopo kutoka hazina za umma ambazo sasa hazionwi na mtu. Karani mmoja anayejua Kiarabu, mwanafunzi mmoja wa historia, na ada ya kiingilio ambayo mtoto wa Buxton au wa Kibokoni anaweza kuilipa kwa sarafu.

Na ombi kwenu. Nyumba za zamani za hapa Buxton zimebomolewa, maghorofa yameinuka, na kuhama huwa ni msimu wa kutupa makopo. Kabla hamjalitupa lolote, limwageni mezani. Mkipata pesa ya mizani, rupia ya jua, senti ya tundu au reale ya bibi, andikeni kwenye karatasi ilitoka kwa nani, ilikaa nyumba gani na ilikuwa ya kazi gani, muifunge pamoja nayo. Sarafu isiyo na habari hiyo hupoteza nusu ya faida yake kwetu. Kitu cha kale kilichofukuliwa ardhini ni jambo jingine: sheria ya 2006 ya makumbusho na urithi inataka kitolewe taarifa, nanyi mkitoe. Na tafadhali, akina mama na akina baba, msizisugue kwa ndimu wala kwa majivu. Zileteni chafu.